Kifuko cha Maji Kichwani Mwangu

Nina kifuko cha maji kwenye ubongo na nashindwa kuacha kucheka.

Juzi nilianguka Makutupora nikipiga picha za mavuno ya zabibu. Nikapigwa picha ya kichwa hospitalini. Leo daktari, binti wa umri wa Neema wangu, akasema hakuna jeraha, ila kuna kifuko cha maji.

Hapo hapo nikampigia mke wangu: "Mama Neema, napasuliwa ubongo!"

Daktari akanitazama. "Baba, nani kasema kupasua? Huenda umezaliwa nacho. Hakibani kitu. Usingeanguka, usingekijua."

Nikamwambia mimi ni mwandishi wa habari, nataka chanzo cha pili.

"Na ile ya kupasuliwa, ulikuwa na vyanzo vingapi?"

Sikuwa na hata kimoja.

Akamwita mwenzake anayesoma picha, naye akasema yale yale. Nirudi tu nikiona dalili mpya.

Nikampigia tena mke wangu kusahihisha habari. Simu haikupokelewa.

Sasa nipo nje ya nyumba yangu, Chang'ombe. Mchungaji na kwaya nzima wako sebuleni, wanalia na kuniombea kwa nguvu zote.

Niingie sasa, au niwaache wamalize?