Springi Fupi za Gari la Bluu

Gari langu lilipofika Tabora lilikuwa limesimama juu kama mbuzi aliyepanda jiwe. Lilikuwa la bluu, la milango miwili, pua ndefu, gari lililotengenezwa likimbie likiwa karibu na lami. Lakini aliyekuwa nalo Dar es Salaam kabla yangu aliliwekea springi ndefu za gari jingine ili lisigonge matuta, na juu ya kila gurudumu palibaki uwazi wa kupitisha ngumi. Mimi hushona viti vya magari mtaa wa Ng'ambo, hapo hapo Tabora. Kutwa nzima macho yangu yako kwenye mistari, na nikiona kitu hakijakaa sawa sipumziki. Nilijua tangu siku ya kwanza kwamba nitalishusha.

Fundi alikuwa mdogo wangu. Ana gereji mtaa wa Cheyo, ndani ya uzio wa mabati, na tangu utotoni mimi na yeye tulizungumza kwa kupigana. Baba yetu ni fundi seremala. Alitulea peke yake baada ya mama kufariki, na alituchapa kwa chochote alichokuwa nacho mkononi: rula ya mbao, mpini wa nyundo, mguu wa kiti ambao haujaunganishwa. Sisi nasi tukachapana. Nina kovu chini ya nyusi aliloniachia yeye kwa mfuniko wa sufuria. Yeye ana kidole kilichopinda kwa sababu niliubamiza mlango kikiwa ndani. Tulipokua tuliacha kugusana, ila sauti zetu hazikushuka.

"Nakata mizunguko miwili kwa grinda," alisema nilipompelekea gari. "Linalala leo leo."

"Hukati kitu."

"Dada, mji mzima wanakata."

"Na mji mzima wanarukaruka barabarani kama maharage kwenye sufuria. Springi iliyokatwa haikai vizuri kwenye kitako chake. Ukidumbukia shimo inachomoka."

Akasema basi ataziunguza kwa moto wa gesi mpaka zinywee. Nikakataa hilo pia, maana chuma kilichoungua kinakuwa laini, na mimi nilitaka gari lishike barabara, si lilale tu kama mgonjwa. Nilitaka springi zilizotengenezwa fupi na ngumu tangu kiwandani, za aina ya gari lile lile. Zikaja kwa basi, nyekundu, kwenye boksi lililochanika.

Halafu tukagombania kimo. Yeye alitaka tairi limezwe na bodi. Mimi nilikuwa na mtaro mbele ya nyumba na barabara ya vumbi kabla ya kufika kwenye lami. Nikaweka vidole viwili juu ya tairi na kumwambia uwazi uishie hapo. Tukagombania rimu. Alikuwa amepata pana, zinazotokeza nje ya bodi, na aliziosha kwa sabuni kama anaogesha mtoto. Nikachukua uzi wangu, nikaufungia nati mwishoni, nikauninginiza kutoka kwenye ukingo wa bodi mpaka chini. Tairi lingezidi uzi kwa unene wa kidole.

"Gari likibonyea, huu ukingo unakata tairi," nilisema. "Nataka rimu zinazoingia ndani."

"Sasa ulikuja kufanya nini kwa fundi?"

Akarusha spana. Haikunilenga mimi, ila ilipita karibu na sikio na kutoboa bati nyuma yangu. Nikaiokota, nikaitupa juu ya paa la jirani. Tukabaki tunatazamana, wote tunahema, mafundi wengine wakicheka. Mwishowe alifunga rimu nilizozitaka mimi, za inchi kumi na saba, huku akinitukana kwa Kinyamwezi.

Springi za nyuma ziliingia bila shida. Za mbele ndizo zilizotuumiza. Springi ya mbele inakaa kwenye shokapu ikiwa imebanwa, na inazuiwa na nati moja tu kule juu. Kabla ya kuifungua nati hiyo unaibana springi kwa vyuma viwili vyenye ndoano na skrubu ndefu, kimoja kila upande, ukikaza huku kidogo na kule kidogo. Vyuma vya mdogo wangu vilikuwa vya kuazima na skrubu moja ilikuwa imelika meno. Niliiona. Nilimwambia aizungushie springi mnyororo kwanza.

"Dada, nenda kashone."

Akainama, akafungua nati.

Nilisikia mlio kama wa bati linalopigwa na jiwe, na wakati huohuo mdogo wangu hakuwa tena pale alipokuwa. Alikuwa ameketi kwenye tope la oili, mita mbili nyuma, macho wazi. Springi ilikuwa bado inabingirika kuelekea uzioni. Kile kikombe cha chuma kinachokaa juu yake kilikuwa kimempata chini ya taya. Nusu ya chini ya uso wake ilikuwa imehamia upande wa kushoto. Alijaribu kuniambia kitu, damu ikamwagika kifuani kwa wingi kama maji ya kopo lililopinduliwa, na meno yakadondoka mapajani mwake.

"Mayo!" fundi mmoja alipiga kelele, akimwita mama kwa Kinyamwezi. "Mayo wee!"

Nilivua mtandio, nikaushika uso wake kwa mikono miwili nisijue nabana wapi. Mifupa ilikuwa inasogea chini ya kitambaa. Tulimpakia kwenye bajaji, nikamlaza ubavu ili asinywe damu yake, na njia nzima alikuwa ananipiga mguu kwa ngumi kila tulipopita tuta. Sijui kama ni kwa maumivu au kwa hasira. Nilimwacha anipige.

Hospitalini walimpeleka ndani. Mimi nilibaki kwenye benchi na nguo zilizolowa damu. Wifi yangu, mke wake, alikuja akikimbia, pekupeku, na nikasimama nimpokee.

"Wifi, yuko hai," nilisema.

Alinipiga kichwa puani. Kabla sijaanguka alikuwa ameshanishika nywele na kunigongesha kwenye nguzo, akisema, "Gari! Gari! Gari!" kila alipogonga. Nilipomsukuma aliniuma begani, akaning'ang'ania kwa meno kama mbwa, mpaka mlinzi na akina mama wawili waliokuwa wameleta uji wakamvuta. Alipoachia, kipande cha blauzi yangu kilikuwa mdomoni mwake. Akakitema miguuni pangu, akaketi sakafuni, akalia kwa sauti ambayo bado naisikia. Nesi mmoja akanishona bega bila kuniuliza chochote.

Kesho yake asubuhi nilikuwa kitandani nimevimba uso, simu ikaita. Alikuwa fundi wa gereji.

"Dada, njoo. Mzee yuko huku na tezo."

Nilichukua bodaboda. Nilipofika, baba alikuwa amevaa kanzu yake nyeupe, mikono ameikunja mpaka kwenye viwiko, na tezo yake ya kuchongea milango alikuwa ameinyanyua juu ya kichwa. Gari lilikuwa halina magurudumu ya mbele, limesimamishwa juu ya magogo mawili kama tulivyoliacha. Kioo cha mbele kilikuwa kimeshageuka chenga. Boneti ilikuwa na majeraha marefu, meupe ndani ya bluu. Mafundi walikuwa wamesimama mbali, na mmoja anarekodi kwa simu.

"Shikamoo, baba," nilisema, kwa sababu mdomo umezoea.

Akapiga taa ya kulia, ikatawanyika.

"Mwanangu hana taya!" alisema kwa kila aliyekuwepo. "Hana taya kwa sababu ya bati la kutembelea!"

Akapiga tena, na gari likatikisika. Nikaona gogo la upande wake limeinama. Mguu wake mmoja ulikuwa umeingia chini ya bodi, pale gurudumu linapokaa.

"Baba, toka hapo! Litakuangukia!"

"Na liniangukie!"

Nikamkimbilia. Akageuka, akanipiga mbavuni kwa mpini, palepale alipozoea kunipiga nikiwa mdogo, na pumzi ikakatika. Akaninyanyulia tezo tena. Nikamrukia kiunoni, nikamkumbatia, nikamwinua. Alikuwa mwepesi mno, mifupa mitupu ndani ya kanzu, na bado alikuwa ananitwanga mgongoni kwa kiwiko na kuvuta nywele zangu kwenye kidonda cha ile nguzo ya hospitali. Tukaanguka wote kwenye tope la oili. Nikamlalia, nikambana mikono yote miwili.

Gogo likachomoka. Gari likapiga pua chini kwa kishindo kilichoinua vumbi uani kote. Pale mguu wake ulipokuwa, bodi ilikuwa imegusa ardhi.

Baba aliliangalia. Kisha akaniangalia mimi, pua yangu imeanza kutoka damu tena, ikimdondokea kidevuni.

"Nani kakufundisha kumshika mtu hivyo?" aliuliza.

"Wewe."

Nilipomwachia aliinuka taratibu, akajaribu kupangusa oili kwenye kanzu, akaizidisha. Akatoka getini. Tezo aliiacha.

Ile video ilizunguka kwenye simu za watu mpaka Nzega. Waliojua kuchekesha waliiwekea muziki. Wateja walikuja dukani kwangu wakinitazama mbavu badala ya vitambaa. Nilianza kutafuta mtu wa kulichukua gari kama chuma chakavu.

Mdogo wangu aliporuhusiwa, meno yake yalikuwa yamefungwa pamoja kwa waya. Alikuwa anaishi kwa uji na supu ya kunyonya kwa mrija. Mke wake hakujua kama amekuja kwangu. Alisimama mlangoni, amekonda, akazungumza kupitia kwenye meno.

"Zile springi fupi za mbele ziko wapi?"

"Za kazi gani? Gari nauza."

"Huuzi." Akanishika mkono, akanibana kwa nguvu mpaka nikahisi vidole vyangu vinasagana. "Nitaliona hapo kila siku, limepiga magoti. Huuzi. Twende."

Safari hii vyuma vya kubania vilikuwa vipya. Tuliizungushia springi mnyororo mara tatu na kuufunga kwenye nguzo. Spana yake iligongagonga nati bila kuishika. Jasho lilimshuka, na kwa kuwa hakuweza kufungua mdomo alikuwa anapumua kwa pua kama ng'ombe anayekimbizwa. Nikaichukua spana mikononi mwake. Nikakaza mimi, huku kidogo na kule kidogo, naye akaweka kiganja juu ya mnyororo. Nilimwambia akitoe. Hakukitoa. Springi fupi zikaingia, ya kulia, halafu ya kushoto.

Tulilishusha chini. Boneti ilikuwa imechanjwachanjwa, kioo hakuna, taa moja hakuna, lakini lilikaa chini sawasawa, tairi ndani ya mstari wa bodi, vidole viwili juu yake. Mdogo wangu alilizunguka, akapiga magoti, akapima kila kona kwa vidole vyake. Kwenye kona ya mwisho aliegemeza kipaji cha uso kwenye tairi na kubaki hivyo. Sikumgusa.

Niliendesha kuelekea Kwihara, upepo ukinipiga machoni, yeye pembeni ameshikilia taya kwa mikono miwili. Palipo na lami gari lilishika kona kama limeshonwa kwenye barabara. Palipo na makorongo nilikwenda kwa mwendo wa kutembea, na kila tulipotikisika alinipiga bega lile lililoumwa na mkewe, nami nikampiga gotini.

Taya lilipona limepinda, hivyo akicheka anaonekana kama anakejeli. Wifi yangu na mimi tunasalimiana kwa kichwa. Kioo kipya nilikiweka, boneti sijaibadilisha. Baba hajawahi kunitaka radhi, wala sijawahi kumwomba anitake. Juzi nilimkuta akitembea juani kutoka msikitini, nikasimamisha gari kando yake.

"Shikamoo, baba. Panda nikufikishe."

"Marahaba." Aliinama kutazama ndani, mkono ameuweka kiunoni. "Chini kote huko? Kutoka nitatokaje?"

"Nitakuinua."

Alifikiri kidogo, akatikisa kichwa, akaendelea kutembea. Nikamfuata polepole kwa gia ya kwanza mpaka alipokata kona ya nyumbani kwake.