Moto wa Jua kwa Kisima cha Sericho

Guleid Awale alikuwa na mgongo wa mzee wa miaka themanini, ilhali hata sitini alikuwa hajafika. Mgongo huo uliharibiwa na mapipa ya dizeli. Tangu mwanzo wa miaka ya sabini, barabara ilipoanza kupitika baada ya vita vya shifta, lori lake ndilo lililopeleka mafuta Sericho, mbali mashariki ya Isiolo, kwenye kisima kirefu kilichovutwa na injini. Dizeli ikikosekana, injini inanyamaza na maji hayapandi. Na ng'ombe aliyetembea tangu alfajiri kuyafuata hayo maji hajui habari za lori lililokwama.

Babu yake alikuja Isiolo akiwa askari wa Waingereza, akazeekea hapo. Baba yake alifungua duka Chechelesi, mtaa wa mjini humo. Guleid naye alinunua lori akijiambia ataendesha miaka michache tu, kisha arudi kukaa dukani kama watu wengine. Miaka ikapita hivyo hivyo. Nguo zake zilinuka dizeli, blanketi lake lilinuka dizeli, na mkewe Awo alikuwa akimwekea mkeka wa kuswalia peke yake, si kwa ubaya, bali kwa sababu ule wa wageni aliuonea huruma.

Ukame wa mwaka themanini na nne ndio uliomvunja. Lori lilizama kwenye mchanga wa laga, mto mkavu uliokuwa njiani, na yeye na utingo wake Ebei wakachimba kwa sepetu mpaka viganja vikatoka malengelenge. Walipofika Sericho, harufu iliwapokea kabla ya watu. Ng'ombe walikuwa wamelala kuzunguka birika la kunyweshea, wengine vichwa vikiwa ndani ya birika lenyewe, kavu kabisa. Bibi mmoja wa Kiborana aliyeitwa Qabale, ambaye kila mtu alimwita Akko, yaani nyanya, alimkaribia akamtazama usoni.

"Umechelewa," alisema. "Lakini umekuja."

Hakumlaumu. Hakuna aliyemlaumu. Guleid angependa wamtukane, amalizane na jambo hilo. Badala yake walimsaidia kuteremsha mapipa, na kuanzia siku hiyo kila aliposhika usukani kuelekea mashariki aliliona tena lile birika kavu.

Ikafika mwaka themanini na tisa. Siku chache kabla ya Ramadhani, alasiri moja, alikuwa hotelini mjini akinywa chai na Umuro, mwalimu wa fizikia wa shule ya sekondari. Umuro alizaliwa Sericho, na nyumbani kwao walikuwa wakinywesha mifugo kwenye kisima kile kile. Redio iliyokuwa juu ya kabati ikasema kwamba huko Marekani wataalamu wawili wametangaza wamepata kuwasha moto wa jua ndani ya chupa ya maji, mezani, bila mtambo mkubwa. Ikithibitika, ikasema, dunia itapata umeme wa bei rahisi usioisha.

Umuro aliweka kikombe chini.

"Mzee Guleid, umesikia?"

"Nimesikia. Jua kwa chupa. Hawa watu wa redio wanaongea sana."

"Hapana, ngoja nikuambie. Jua halichomi kuni, halichomi mafuta. Ndani yake vitu vidogo sana, viini vya hewa nyepesi, vinagongana na kuungana. Vikiungana vinatoa moto mkubwa. Miaka yote wazungu wamejaribu kufanya hivyo kwa mitambo mikubwa kama jumba, na moto wanaoingiza ni mwingi kuliko wanaotoa. Sasa kama hawa wameweza kwa chupa, mtambo wa kuvuta kisima utatoshea kwa debe."

Guleid alifikiri kidogo. "Na hiyo debe itabebwa na nani mpaka Sericho?"

"Punda mmoja. Halafu usirudi tena mwaka mzima, au zaidi."

Guleid alicheka, kicheko kilichomshangaza yeye mwenyewe. Usiku huo Awo alimsikia akiuliza kama lile duka la baba bado lina rafu zake.

Safari iliyofuata aliifanya akiwa amefunga. Jua lilipotua Sericho, wakiwa wamekaa kufuturu kwa tende na maziwa ya ngamia, alisimulia aliyoyasikia. Alisimulia vizuri mno. Alisema debe, alisema punda, alisema mafuta yatakwisha kazi. Hirbo, mwenyekiti wa kamati ya kisima, alisikiliza hadi mwisho bila kugusa chakula. Injini yao ilikuwa imechoka. Ilikohoa, ikamwaga oili, na fundi alikwisha sema haitavuka kiangazi kingine. Watu walikuwa wakikusanya mafahali wa kuuza ili wanunue mpya. Guleid alilijua hilo, lakini furaha ilimpitisha juu yake kama gari linavyopita juu ya shimo usiku.

Baada ya Idi shule zilifunguliwa, na Umuro akamwita. Alikuwa ameamua kujaribu. Guleid alifungua betri ya lori, akaibeba mwenyewe mpaka maabara ya shule, chumba chenye harufu ya spiriti na madirisha mawili yasiyo na vioo. Juu ya meza kulikuwa na chupa ya maji yenye magadi kidogo ili umeme upite, kipimajoto, na kipande cha fedha cha kuunganishwa na betri, alichoazima Umuro kwa sonara.

"Hii si yenyewe," Umuro alisema mapema. "Wao wametumia maji mengine, mazito, na madini ambayo hata Nairobi sijui nani anayo. Lakini nataka kuona kwa macho yangu."

Viputo vikaanza kupanda. Wakakaa. Guleid alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kusubiri chupa kulimpendeza. Baadaye alitia kidole kwenye maji.

"Ina joto! Umuro, ina joto!"

Umuro alisoma kipimajoto, akaandika hesabu ubaoni kwa chaki, akaifuta, akairudia tena. Halafu akakaa juu ya stuli, chaki bado mkononi.

"Ni joto la betri yako tu, mzee. Tulichoingiza ndicho tulichotoa, tena kimepungua."

"Lakini umesema hii si yenyewe. Ile ya Marekani inaweza kuwa kweli."

"Inaweza. Nasikia wengine wamejaribu na hawajapata kitu. Hata ikiwa kweli, kutoka chupa mpaka mtambo wa kuvuta maji ni kazi ya miaka. Labda mimi na wewe hatutaiona."

Guleid alitazama viputo vikipanda na kupasuka. Ndipo akamkumbuka Hirbo na chakula ambacho hakukigusa.

"Umuro," alisema taratibu, "wale watu niliwaambia nini?"

Wiki hiyo alipakia mapipa, na Umuro akaomba ruhusa shuleni akafuatana naye. Njiani hawakuongea sana. Walipofika, lile alilokuwa akiliogopa lilikuwa limetendeka. Mafahali walikuwa wamerudishwa malishoni.

"Tumesimamisha kwanza," alisema Hirbo. "Ulisema kitu mpya inakuja. Kwa nini tuuze wanyama kununua chuma ya zamani?"

Watu walikusanyika karibu na nyumba ya injini. Umuro alitaka kuanza yeye, kwa kuwa elimu ilikuwa yake, lakini Guleid alimzuia kwa mkono.

"Mimi ndio nilileta hiyo maneno hapa," alisema. "Wacha mimi niitoe. Hiyo kitu haiko. Pengine itakuja siku moja, lakini ng'ombe hawawezi kungoja pengine. Uzeni mafahali. Nunueni injini."

Mtu mmoja alinung'unika kwamba bei ya mafahali sokoni imeshuka tangu wasimamishe. Ilikuwa kweli.

"Na mafuta ya hiyo injini mpya?" Hirbo akauliza. "Nani ataleta?"

Guleid alijua kwamba swali hilo litakuja. Njia nzima alikuwa akilingoja. Akitaka kupumzika, hapo ndipo pa kusema.

"Nitaleta mimi."

Akko Qabale, aliyekuwa amekaa chini akiegemea ukuta, aliinua kichwa. "Mpaka lini?"

"Sijui, Akko."

"Hujachoka?"

"Nimechoka," alisema Guleid. "Wallahi nimechoka sana."

"Basi kaa chini kwanza," alisema bibi yule. "Chai iko."

Mafahali waliuzwa wengi kuliko ilivyopangwa mwanzo, na injini ilinunuliwa kabla kiangazi hakijakolea. Redio nayo, baada ya miezi kadhaa, ilitaja kwa kifupi kwamba wataalamu wa nchi nyingi hawakuweza kuurudia ule moto wa chupa, kisha ikahamia habari za mpira. Umuro aliendelea kuwafundisha wanafunzi wake habari za jua. Aliwaambia kazi hiyo haijaisha, ni ngumu tu, na mmoja wao huenda akaishika.

Siku ya kufunga injini, Umuro na fundi walikaza nati huku Hirbo akiwaangalia. Ilipowaka na maji yakaanza kumiminika ndani ya birika, ngamia walisukumana mbele na watu wakapiga kelele. Guleid hakuwa miongoni mwao. Alikuwa amelala kwenye kivuli cha lori, mdomo wazi, mkono mmoja chini ya kichwa. Hakuna aliyemwamsha. Alipozinduka mwenyewe jua lilikuwa limeinama. Akanawa uso, akaswali, kisha akaanza kuviringisha mapipa matupu kuyarudisha kwenye lori, kwa sababu mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa Garba Tulla, kwenye njia ya kurudi Isiolo, na ile laga ikijaa maji haipitiki.