Shahidi Hapewi

Ilianza Jumamosi, saa kumi na robo jioni. Saa naijua kwa sababu bibi aliniuliza, nikamwambia, akasema, "Andika na saa pia, asije mtu akadai niliandikishwa usingizini."

Bibi ni mama yake baba. Baba alifariki nikiwa darasa la pili, na tangu hapo mimi na mama tunakaa kwenye vyumba viwili vya nyuma vya nyumba yake hapa Mirongo. Jumatatu bibi anafanyiwa operesheni ya jicho. Daktari alimwambia ni dakika ishirini tu, siku hiyohiyo anarudi nyumbani, lakini bibi akasema hata ng'ombe hupelekwa machinjioni kwa maneno mazuri. Hakubali kwenda kabla hajaandika wosia.

Mwandishi nikawa mimi, maana jicho moja lina ukungu na lile zima linamtoa machozi akisoma. Tulijifungia chumbani kwake, mama akiwa sokoni. Nikaandika alivyosema: shamba la Nansio kwa baba mdogo, vyumba vya mbele na fremu ya duka kwa shangazi. Halafu akasema, "Vile viwili vya nyuma, andika jina lako."

Kalamu ikasimama. "Langu au la mama?"

"Lako. Mama yako bado kijana, anaweza kuolewa kesho. Wewe ni damu yetu hata ukiolewa."

Sikuelewa. Mama ndiye aliyepaka rangi zile kuta. Ndiye aliyekuwa anamwogesha bibi alipovunjika mkono. Lakini nikaandika jina langu, tena kwa mwandiko mzuri kuliko mistari yote ya juu, na hilo nalo sijui lilitoka wapi. Sikusema ahsante. Bibi akaniapisha nisimwambie mtu yeyote kilichomo.

Baadaye kidogo wakaja baba mdogo, aliyevuka na meli asubuhi kutoka Nansio, na shangazi. Bibi akaweka karatasi juu ya stuli, akafunika maneno yote kwa kitenge, ikabaki wazi sehemu ya chini tu.

"Kila nyumba isaini," akasema. "Aliyesaini hawezi kesho kusema hakujua."

"Tunasaini bila kusoma, mama?" baba mdogo akauliza. "Kama umenirithisha ugomvi je?"

"Huo unao tayari, hauhitaji karatasi."

Akasaini huku anacheka. Shangazi akasaini, akanigeukia. "Na nyumba ya marehemu kaka? Haa, bubu wetu leo anasaini! Njoo mama, usiogope, kalamu haiumi."

Nikasaini. Niseme ukweli, nilijisikia mtu. Sijawahi kuhesabiwa kama nyumba.

Walipomaliza chai wakaondoka, baba mdogo akaenda kulala kwa shangazi. Bibi akatia karatasi kwenye bahasha, akanituma nimpelekee mzee jirani aitunze. Huyo mzee alikuwa karani wa mahakama, sasa amestaafu. Nilimkuta barazani anasikiliza mpira kwenye redio.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Ni ule wosia? Wamesaini akina nani?"

"Baba mdogo, shangazi, na mimi."

"Na waliopewa?"

Nikampa bahasha tu. Nilikuwa nimeapa. Akapunguza sauti ya redio.

"Sikuulizi nani kapewa nini. Nataka kujua kitu kimoja tu. Majina ya juu na majina ya chini ni yaleyale?"

Nikaangalia ndala zangu.

"Basi bibi yako ameandika barua ya salamu," akasema, akacheka, ila si kwa ubaya. "Shahidi hapewi, mjukuu. Ukisaini wosia unaokupa kitu, siku watu wakibishana, hicho chako ndicho kinaanguka."

"Kikianguka kinaenda wapi?" Sauti yangu mwenyewe ilinishtua.

"Ukoo unakaa, unagawa. Sasa mtoto wa marehemu, tena wa kike, na mama yake..." Hakumalizia. Akanirudishia bahasha. "Mwambie arudie. Yupo hai, ana akili zake, karatasi zipo. Aite watu wa nje wasio na chochote humo. Mimi mmojawapo."

Alivyosema ilikuwa rahisi. Lakini mimi nitamwambiaje bibi, siku mbili kabla ya operesheni, "Andika upya ili nipate"? Si nitaonekana nimeshaanza kupima vyumba kwa hatua? Nikajaribu kujidanganya kwamba nitasema kwa ajili ya baba mdogo na shangazi, kwa sababu na wao wamesaini. Uongo. Nilikuwa nawaza kitanda changu, na mama tutampeleka wapi. Halafu likaja wazo jingine kabisa, kwamba pengine afadhali sehemu yangu ianguke, maana haikuwa haki mimi kuwekwa juu ya mama. Mawazo yote mawili nilikuwa nayo kwa wakati mmoja na sikuona hata moja likilisukuma jingine.

Wakati wa chakula bibi alikuwa na furaha. "Leo nimeshiba mpaka moyo," akasema. Mama akaniuliza mbona nimepooza, nikasema tumbo linauma. Kisha nikaongeza ugali, nikajiumbua.

Asubuhi, Jumapili, nilimkuta bibi nje anaota jua. Mama alikuwa upande wa mbele anakaanga maandazi. Nilikuwa nimejiandalia sentensi ndefu ya heshima, yote ikapotea.

"Bibi, siwezi kuwa shahidi."

"Umeshasaini."

"Ndiyo maana."

Nikamweleza maneno ya mzee. Akanigeuzia jicho lake zima.

"Kwa hiyo vyumba unavitaka."

"Ndiyo," nikasema chinichini.

"Sema kwa sauti. Jicho limekwenda, unataka na sikio nilitilie shaka?"

"Navitaka, bibi."

"Haya. Jana hukusema hata ahsante. Nimelala najua umevidharau."

Nilitaka kulia na kucheka. Nikaomba jina la mama liongezwe.

"Nikikupa wewe, mama yako utamfukuza?"

"Hapana."

"Sasa unaniuliza nini?"

Nikaleta daftari, nikaandika upya yaleyale, chini nikaacha wazi. Bibi akanituma nimwite mzee na wamama wawili wa jumuiya, kabla hawajaenda kanisani.

Nilipopita mbele mama akauliza naenda wapi asubuhi yote ile.

"Bibi kanituma kuita mashahidi."

"Mashahidi wa nini?"

Nilikuwa nimeapa kutosema kilichomo, sikuapa kutomtuma mtu akaulize. Nikamwambia, "Kamuulize mwenyewe, mama. Nenda sasa hivi, kabla sijarudi nao."

Akaniangalia, akaepua karai, akajifuta mikono. Kwa mzee ni hatua chache tu kutoka kwetu. Mimi nikazunguka kwa njia ndefu, ile ya darajani, nikatembea polepole.