Hewa ya Maana

Siku yangu ya kwanza redioni Goma, Shefu wa Tafsiri hakunionyesha kiti. Alinipa karatasi ya Kifaransa na kaye tupu, yaani daftari, akaniagiza niandike humo kila neno gumu pamoja na ndugu zake wa Kiswahili. Nilikuwa nimetoka Butembo na diploma ya ualimu, nikidhani kutafsiri ni kubadilisha maneno tu.

"Mama Kavira," akasema, "Kifaransa kinafika hapa kimevaa koti. Musikilizaji wetu iko shambani, anatupa sikio moja. Ukikosea, hatarudi kukuuliza."

Asubuhi tulipokea taarifa za barabara, za chanjo na za mlima wetu wa volkano. Baada ya kuzitafsiri tulifanya rudio: mwenzako anakusomea kwa sauti nawe umefumba macho, usikie kama mtu asiye na karatasi. Neno lililotuchosha kuliko yote ni *significatif*. Wataalamu wa volkano walilipenda sana. Ni sifa ya kitu kilichobeba ujumbe, kisichotokea bure. Katika kaye yangu nililiandikia ndugu watano: chenye uzito, cha kuashiria jambo, kisicho cha kawaida, cha kutiliwa maanani, cha maana. Hilo la mwisho lilikuwa fupi, nikalizoea.

Nilipelekwa Rutshuru miaka miwili kukusanya habari, kisha nikarudi Goma kuwa msaidizi wa Shefu. Wakati huo ndipo ilipokuja taarifa kwamba gesi *significative* imepimwa katika bonde dogo upande wa Kibati. Shefu hakuwepo, na umeme ulikuwa karibu kukatwa. Niliandika, "Hewa ya maana imeonekana bondeni," nikaituma isomwe bila rudio.

Kwetu, mutu wa maana ni mtu wa kuheshimiwa. Kitu cha maana ni kitu kizuri. Nililijua hilo tangu utotoni.

Siku ya tatu tulisikia kwamba mzee mmoja amekutwa bondeni, amekufa. Nilikwenda kwa pikipiki pamoja na fundi wa vipimo.

Bonde lilikuwa katikati ya mawe meusi ya volkano, na majani yake yalikuwa ya kijani kuliko ya mahali pengine popote pale. Hapakuwa na nzi hata mmoja. Mbuzi wanne walilala wamekunja miguu, kama waliopumzika baada ya kula, na kunguru alilala kando yao. Fundi alishuka hatua mbili, akawasha kibiriti. Kifuani moto uliwaka vizuri. Alipoushusha magotini ukazimika ghafla, kama umebanwa na vidole.

"Ni mazuku," alisema. "Ni nzito kuliko hewa yetu, inatuama chini kama maji. Haina rangi."

Niliinama ukingoni nimtazame mbuzi wa karibu. Macho yake yalikuwa wazi, bado yana unyevu. Nikahisi usingizi mtamu. Yale majani yakaonekana kama kitanda nilichotandikiwa mimi. Sikuogopa hata kidogo, na mpaka leo hilo ndilo linalonitisha.

Fundi alinivuta mkono. "Panda, mama. Usiongee. Panda."

Juu barabarani alikaa binti wa marehemu, jina lake Furaha. Walikuwa wamemtoa baba yake kwa kamba. Nilimuuliza kama hawakusikia redio.

"Tulisikia. Walisema kule kuko hewa ya maana. Papa akasema basi majani yatakuwa mazuri, akapeleka mbuzi."

Ningeweza kunyamaza, kwa kuwa hakunijua.

"Ni mimi niliandika vile," nikamwambia.

"Basi uandike ingine."

Niliandika: "Bondeni kuna hewa inayoua. Haionekani. Usishuke, usipeleke mnyama." Shefu aliisoma mara mbili.

"Karatasi haisemi inaua. Inasema *significative*."

"Shefu, nimetoka kule. Hivyo ndivyo inavyosema."

Alivua miwani, akatia sahihi. Tangu hapo hakuna taarifa ya mlima iliyotoka kwetu bila rudio.

Sasa nimestaafu, niko mtaa wa Katindo, hapahapa Goma. Vijana wa kazi hii huniuliza neno gani ni sahihi. Nami huwajibu waende kwanza mahali neno linapokwenda. Mimi mwenyewe nilirudi Kibati mwaka jana. Wakimbizi wa vita walikuwa wamejenga vibanda vya maturubai ya shitingi hadi ukingoni mwa bonde. Mama mmoja wa Rutshuru alikuwa akianika nguo. Mahali pote palikuwa kimya.

"Hapa ndege hawalie?" nikamuuliza.

"Tangu tufike, sijasikia."

"Unajua mazuku?"

"Najua. Redio ilituambia. Watoto ninawalaza juu ya meza."

"Na wewe?"

"Meza ni moja, mama."

Mchana uleule tulipakia meza kwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, tukashuka mjini na watoto wake watatu. Wanaishi nami. Nimemweleza kwamba Katindo hakuna mazuku, na nimewapa kitanda. Kila jioni anapiga kibiriti, anakishusha polepole mpaka sakafuni, anautazama moto ukiendelea kuwaka. Kisha anawalaza watoto juu ya meza.