Uji Nilioshindwa Kuumeza

Nianze na habari ya mwili wangu, maana Ujiji nzima imekwisha kuujadili na mimi ndiye sijapewa nafasi. Mimi ni mpishi wa shughuli. Nilikuwa mnene sana, kisha nikakonda sana, na sasa niko katikati. Kilo kumi na mbili kati ya zile nilizopoteza zimerudi. Jirani zangu wanasema mkanda niliofungwa tumboni umeshindwa kazi. Daktari wangu wa Dar, ninayemwendea siku hizi kila mwaka bila kukosa, anasema hivi nilivyo ndiko kufaulu kwenyewe. Mimi namsadiki daktari, ingawa kuna wakati nilimdanganya macho makavu na nikakaribia kulipa kwa roho yangu.

Unene wangu ulikuwa tangazo la biashara. Mpishi mwembamba nani atamwamini? Nilikaa kwenye kigoda katikati ya masufuria ya pilau, nikatoa amri, wasichana wakakimbia. Wasichokiona watu ni magoti, pumzi, na sukari iliyoanza kupanda. Mama yangu mzazi alikuwa na mwili huo huo, akafia kwenye ngazi za mlango wa nyumba yake. Ngazi zenyewe ni tatu tu. Baada ya arobaini yake nilipanda treni kwenda Dar, nikarudi na mkanda tumboni.

Watu hudhani nilikatwa utumbo. Sikukatwa kitu. Daktari alizungusha mkanda wa mpira laini sehemu ya juu ya tumbo la chakula, pakabaki chumba kidogo, cha ukubwa wa ngumi ya mtoto. Ndani ya mkanda mna maji ya chumvi, na kutoka hapo unakuja mrija mpaka kwenye kitufe kilichoshonwa chini ya ngozi, juu ya kitovu, upande wa kushoto. Ukinigusa utakikuta, kigumu, kama punje ya mahindi makubwa. Akitaka kukaza, daktari anachoma sindano kwenye kitufe na kuongeza maji. Akitaka kulegeza, anayavuta.

"Mama," aliniambia, "kukupasua ilikuwa kazi yangu ya saa moja. Kurudi hapa ni kazi yako ya maisha."

Nikaitikia kwa adabu zote. Mwaka wa kwanza nilirudi kweli, mara nne, siku mbili treni kwenda na siku mbili kurudi, na kila safari nguo zilinidondoka zaidi. Sukari ikashuka. Magoti yakanyamaza. Sijapata kujipenda vile. Safari ya nne nikamwambia daktari kwamba bado nasikia njaa kali, na huo ulikuwa uongo mtupu. Nilitaka akaze tena kidogo tu. Akakaza, akanipangia tarehe ya kurudi, na mimi sikurudi kwa miaka mitatu.

Si kwamba walinisahau. Nesi wake alikuwa akipiga simu. "Mama, unatapika? Ukilala unakohoa? Maji yanakwama? Ukiona lolote katika hayo njoo upesi, tutalegeza." Yote matatu yalikuwa yameanza. Nilimjibu kwamba niko salama, nashukuru Mungu. Nilijua kulegezwa ni kunenepa, na mimi sikuwa tayari kurudi kule. Kulikuwa na wanawake wanaopita barazani kwangu kuniangalia tu. Wengine walinong'ona kwamba ninaumwa ule ugonjwa. Wengine walisema mimi halisi nilikwisha kuchukuliwa, aliyebaki ni kivuli. Yaliniuma, lakini niseme ukweli wangu: hata hofu yao niliionea utamu. Sikio la kufa halisikii dawa.

Wakati huo nyumba yangu ilianza kuwa ya ajabu. Asubuhi nikinywa maji yalisimama kifuani. Niliusikia ubaridi wake umekaa pale, hauendi mbele wala nyuma, kisha yanaanza kuongea. Ni sauti ndogo ya chini, mithili ya mtu anayenong'ona chumba cha pili na mlango umerudishwa. Siku moja mume wangu aliweka chini kikombe chake cha chai akaniuliza, "Unaongea na nani?" Nikasema sijaongea. Akatazama mlangoni kwanza, halafu akanitazama mimi, na tangu siku ile akawa anakunywa chai nje. Nililala nimekaa kitini ili tindikali isinipande puani. Uso wangu katika kioo haukuwa wa mama tena, ambao ndio nilioukimbia, ila sikumjua huyu mwingine alikuwa wa nani.

Ndipo kule Burundi mambo yakaharibika tena, na watu wakaanza kuvuka mpaka kwa maelfu wakiishia Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na ziwa. Gari haifiki kule. Wapishi wa shughuli tuliombwa twende na masufuria yetu, Waislamu kwa Wakristo, na nani angekataa? Mwenye sufuria la kulisha watu mia tatu hawezi kusema hana. Nilikwenda kwa boti na shoga yangu, mpishi mwenzangu, mwanamke mpana mwenye kicheko cha kufukuza kunguru. Njiani aliniambia, "Wewe dada, ukianguka majini hatutakutafuta, utaelea kama jani." Nilicheka. Sikuwa nimemeza kitu tangu jana yake.

Nilitarajia makelele. Tuliposhuka, watu walikuwa wameujaza ufuko mzima kuanzia majini mpaka penye miamba, wamekaa juu ya vifurushi vyao, na hapakuwa na sauti. Watoto hawakulia. Kuku waliobebwa kutoka makwao hawakuwika. Ziwa lenyewe lilikuwa limelala bila kiwimbi. Shoga yangu akanyamaza, na huyo hanyamazi hata msibani. Kipindupindu kilikuwa kimekwisha kuingia, tukaonywa tunawe mikono kwa dawa na tusiguse mtu anayetapika.

Tulipika uji wa mahindi na soya, mwepesi, tukapanga foleni mbili, moja kwake na moja kwangu. Watu walisogea hatua kwa hatua na mabakuli na vifuniko vya ndoo. Wa kwanza katika foleni yangu alikuwa bibi kizee mwembamba, kanga yake ina matope mpaka kiunoni. Nilimchotea. Hakunyoosha bakuli. Alikuwa ananitazama usoni, na macho yake yalizunguka polepole, shavu, kidevu, shingo, kama mtu anayehakiki mzigo wake uliopotea.

"Banza usogongere," akasema.

Mama yangu alikuwa Muha, na Kiha na Kirundi ni ndugu, kwa hiyo nilimwelewa. Alitaka nionje kwanza. Huku kwetu hilo si tusi. Hata pombe ya mgeni, mwenye nyumba huonja mbele yake ndipo ampe, ili ijulikane kwamba hamna sumu. Watu waliokimbia majirani zao wenyewe wana haki zaidi ya kuomba hivyo. Foleni yote ikanigeukia. Mpishi asiyeonja uji wake mwenyewe ana nini?

Nikanywa. Kidogo, nusu upawa. Nikatabasamu na kusubiri ushuke.

Haukushuka. Ulisimama pale pale, ukaanza kuongea, na safari hii waliokuwa mbele walisikia, maana niliwaona wakiinamisha vichwa kutafuta sauti inatoka wapi. Mate yakanijaa mdomoni, mazito. Nikabana midomo. Nikahesabu pumzi. Kisha nikageuka na kuutapika uji wote kwenye kokoto, mbele ya watu wenye njaa ya siku nne.

"Ntamira!" bibi akasema kwa sauti. Huyu hamezi.

Foleni ikavunjika. Hawakupiga kelele. Walirudi nyuma tu, wamewashika watoto mabegani, na mwanamume mmoja akampokonya mwanawe bakuli lililokwisha kujazwa, akamwaga. Uji mzuri, ukaenda kwenye mawe. Nimepika maisha yangu yote na sijawahi kuona aibu ya namna ile. Shoga yangu ndiye aliyetuokoa. Alichota bakuli zima kutoka sufuria langu, akanywa mpaka mwisho bila kupumua, akaligeuza juu chini kichwani ili waone, akasimama hivyo mikono kiunoni. Baada ya muda mrefu mtoto mmoja akamsogelea. Wakarudi, lakini kwake.

Muuguzi mmoja wa pale ufukoni alinishika mkono kwa glovu akanipeleka chini ya turubai pembeni, akidhani ni kipindupindu. Alinipima, akauliza maswali, nikamwambia habari ya mkanda. Mama wa watu alikuwa amechoka hata kushangaa hakuweza. "Mara ya mwisho umeonwa lini?" Nikamwambia. Akavuta ngozi ya mkono wangu, ikabaki imesimama. "Umekauka," akasema. "Mimi hapa sina ujuzi wa kugusa kitu hicho. Boti inarudi Kigoma leo, na wewe kutoka hospitali ya mjini uende kwa aliyekuwekea. Ukingoja, utakufa kwa kiu na ziwa liko mbele yako." Akaniachia kikombe cha maji ya chumvi na sukari nijaribu tone tone, akaenda kwa wengine.

Nisikufiche: hata pale, nimelala kwenye mkeka wa wagonjwa, nilikuwa napanga nitakavyomwomba daktari wa mjini anitundikie dripu tu, nipate nguvu, nirudi nyumbani bila kulegezwa.

Turubai likafunuka. Alikuwa yule bibi. Aliingia akakaa karibu na kichwa changu, akaweka bakuli lake tupu chini.

"Nilikufunika vizuri," akasema. "Majani ya mgomba, na mawe pembeni yasipeperuke. Mbona umenifuata?"

Nikageuza kichwa kumtafuta muuguzi, alikuwa kwa wengine.

"Tangu nikuone penye sufuria nimekujua," akaendelea, taratibu, bila hasira. "Nikasema ngoja anywe. Aliyekufa hamezi. Akimeza, basi ni mtu mwingine aliyefanana na mwanangu. Hukumeza."

Kumbe wote tulikuwa tumemwelewa vibaya. Sumu haikuwamo katika mawazo yake. Alikuwa amemwacha bintiye mlimani, na alipofika ufukoni akamkuta anagawa uji.

"Bibi," nikasema kwa Kiha changu kibovu, "mimi ni mtu wa Ujiji. Niko hai."

"Kunywa, basi."

Akaniinua kichwa, akanishikia kikombe. Nilivuta tone. Nilitaka lishuke kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote duniani, kuliko gauni, kuliko macho ya watu. Bibi akaweka sikio kifuani pangu. Tukasikiliza pamoja. Likasimama, likanong'ona, likarudi. Hakushtuka. Alinifuta mdomo kwa ncha ya kanga yenye matope, akanifuta na pua, kama mtoto, na hapo nikalia. Nilikuwa namlilia mama yangu. Nilikuwa najililia na mimi pia, maana kwa kipimo cha bibi yule nilikuwa maiti, na sikuwa na hoja ya kumpinga.

Nikapandisha blauzi, nikachukua kidole chake nikakiweka juu ya kitufe. Akautoa mkono haraka.

"Nini hicho?"

Nikamweleza, kwa maneno machache niliyokuwa nayo. Kwamba tumbo langu limefungwa. Kwamba linabana mno.

"Nani amekufunga?"

"Daktari. Nilimwomba mwenyewe."

Akafikiri. Alirudisha kidole polepole, akakizungusha juu ya ule ugumu.

"Wa kukufungua yupo?"

"Yuko Dar. Ni huyo huyo."

"Yu hai?"

"Yu hai."

"Na njia? Askari hawajaifunga?"

"Hawajaifunga. Kuna treni."

"Wamekuita?"

"Wameniita," nikasema. "Miaka mitatu wananiita."

Nje foleni ilikuwa inasogea, nikasikia upawa unagonga sufuria. Kisha bibi akaniambia kwamba bintiye alianza kutapika siku ya pili ya safari, na kila kilima walichopanda alimuuliza, mama, zahanati iko mbali? Naye akamjibu, iko hapo tu. Kilima baada ya kilima alimuuliza, mpaka akaacha kuuliza.

Akautoa mkono tumboni kwangu. Akanitazama tena usoni, shavu, kidevu, shingo, na nikaona kitu kikimtoka machoni ambacho sikujua kama ni hofu au ni tumaini.

"Wewe siye," akasema. "Mwanangu angekwenda."