Kutoka Makongeni Mpaka Isili Kutafuta Mtu wa Kuongea Kinolo

Mwenye alifanya nitoke nyumbani ni Dada Rispa. Nasema mapema, ndio lawama ijue nyumba ya kuenda.

Alhamisi jioni nilikuwa nakanda unga ya chapati kwetu Makongeni, kwa hizi nyumba za reli zenye ukipiga chafya jirani anakuambia pole. Nilikuwa peke yangu, na nikiwa peke yangu huwa naongea Kinolo. Kinolo ni lugha yangu. Sio ya kabila, kabila yangu ni Mbukusu na tuko na lugha yetu, asante. Kinolo nimeiunda mimi, kwa kichwa, neno moja moja, tangu nimalize darasa la nane na karo ya kuendelea ikakosekana. Kuna watu hupenda mpira, mimi napenda lugha. Kisomali niliokota kwa duka nilikuwa nafanyia kazi, Kifaransa natoa kwa simu, Kikorea kwa filamu. Kila lugha nikionja naiba kitu kidogo napelekea Kinolo.

Sasa Rispa, jirani yetu na dada wa kanisa, akapita kwa dirisha na beseni ya nguo. Akasimama. Nikasikia mtu anasema polepole, "Asante Yesu, asante Yesu." Chapati ya kwanza haijageuzwa, ploti yote imejua: Nafula ameshukiwa, ananena kwa ndimi.

Na unajua nilikuwa nasema nini? Nilikuwa nasema maji ya mfereji imekatika tena na ile ya mkokoteni ina harufu ya mafuta. Kinolo iko na neno moja ya maji ya mfereji, *shena*, na ingine ya maji ya mkokoteni, *duto*, juu mtu wa huku kwetu hawezi changanya hizo vitu mbili.

Ijumaa asubuhi mathe alikuwa amelia mpaka macho imevimba, lakini ya furaha. Mchungaji ashaambiwa. Jumapili nisimame mbele, ninene, kanisa ipokee.

"Mama, hiyo si ndimi. Hiyo nimetengeneza."

"Umetengeneza aje? Wewe ni fundi?"

"Nimekaa chini nikafikiria maneno."

Rispa alikuwa amekaa kwa kiti yetu kama ameinunua. Akasema, "Mama Nafula, kama si ya Roho, basi jiulize ni ya roho gani."

Hapo furaha ya mathe ikazima. Kumbe nilikuwa na milango miwili tu: nisimame Jumapili kama mtumishi, ama nisimame Jumapili niombewe, nikemewe hiyo kitu itoke.

Na kusema ukweli, mlango wa kwanza ulikuwa rahisi. Ningesimama pale mbele niseme duto inanuka mafuta, watu waanguke, mathe apigiwe makofi, turudi nyumbani tule wali. Lakini sitamdanganya Mungu nikitumia lugha yangu, na sitaidanganya lugha yangu nikitumia Mungu. Nikawaambia sisimami. Si kunena, si kuombewa.

Mathe akasema, "Nafula, lugha ni watu. Mtu mmoja akiongea kitu hakuna mwingine anasikia, hiyo si lugha, hiyo ni ugonjwa. Niletee mtu mmoja anasikia hiyo maneno yako. Mmoja tu. Ukikosa, Jumapili utaombewa, na hutaiongea tena kwa nyumba yangu."

Nikajua mara moja ni nani. Hodan, kule Isili, mtaa wa maduka ya Wasomali. Nilikuwa nafunga mizigo kwa duka ya shangazi yake. Saa wateja wamepotea alikuwa ananifunza Kisomali, mimi namfunza Kinolo. Halafu duka ikahama jengo, kazi yangu ikaisha, simu yangu ikaibiwa, namba yake ikaenda nayo. Miezi mingi imepita. Kama amesahau, basi.

Jumamosi asubuhi nikatoka kwa miguu. Nilipitia Mbotela nikijikumbusha maneno kwa sauti, juu lugha ni kama mguu, ukikaa sana inalala. Kwa kona moja kulikuwa na vijana wanaosha pikipiki. Mmoja wao, mrefu, amevaa gambuti, akaniziba njia na ndoo.

"Niaje, siste. Hiyo ni lugha ya wapi?"

"Yangu."

"Yako na nani?"

"Hiyo ndio naenda kuangalia."

Wakacheka wote. Yule wa gambuti akasema, "Sheng iko hapa bure, wewe unajipikia lugha yako pembeni. Kwani hii yetu iko na shida gani?"

"Haina shida. Na hiyo Sheng yenu mlichimba kwa shimo mkaipata imeiva? Si ni vijana waliketi hapa hapa wakaitengeneza, ndio wazazi wasiwasikie? Sasa nyinyi ndio mmekuwa wazazi. Toa ndoo."

Rafiki zake wakamzomea mpaka akatoa ndoo. Nilipita na shingo juu, lakini wacha niwaambie, hiyo swali yake ilinifuata nikivuka Jogoo Road na ikatembea na mimi mpaka Bahati. Yako na nani. Mtu anaweza kujibu vizuri na bado jibu hana.

Isili niliingia wakati watu wamejaa. Jumamosi hapo hutembei, unabebwa. Mikokoteni, marobota ya nguo, wanawake wa kubadilisha pesa wamekaa kwa viti vya plastiki, uvumba unafuka kutoka kwa milango. Niliulizia duka ya eedo, yaani shangazi ya Hodan, ndivyo wote tulikuwa tunamwita. Nikatumwa jengo hii, nikarudishwa ile, mwishowe nikaonyeshwa ghorofa ya pili, kibanda kimejaa madera mpaka dari.

Hodan alikuwa anahudumia mama mmoja. Akaniona, macho ikafunguka, na kabla nimsalimie akageuka akamwambia kitu msichana wa kibanda ya pili. Kitu refu, haraka. Ilikuwa Kinolo.

Na sikuelewa.

Nilishika neno mbili tatu, ingine yote ilinipita. Mimi, mwenye lugha. Yule msichana akajibu, wakacheka, mama akalipa akaenda.

"Umesema nini?" nikauliza. Hata salamu sikutoa.

"Nimemwambia huyo mama ni yule mteja wa kugusa kila nguo na hanunui, lakini leo atanunua, usimpunguzie." Hodan akanikumbatia. "Tuko na neno yake. *Tambiri*."

"Hakuna neno kama hiyo kwa Kinolo."

"Iko. Niliiunda."

"Nani alikuambia uunde?"

Akaniachilia. "Nafula, ulituachia maneno ya chakula na maji. Sisi tunauza nguo. Hapa tukiongea Kisomali, nusu ya wateja wanasikia. Tukiongea Kiswahili wote wanasikia. Kwa hivyo nikamfunza binamu yangu huyu, na dada yake, na wakaongeza. Ulitaka tuikaushe tuiweke kwa ukuta?"

"Nilitaka muulize."

"Tungekuuliza wapi? Ulipotea."

Nilikuwa nimejaa maneno ya matusi, ya lugha tano. Lakini binamu yake alikuwa ananiangalia vile watu huangalia mtu wamesikia hadithi zake, akaniuliza kwa Kinolo, polepole ndio nielewe, kama nimekula. Hiyo neno ya kula nililifikiria siku moja nikiwa na njaa nikingoja mathe atoke kazi. Sasa liko kwa mdomo ya mtu sijawahi muona. Hasira ikakosa mahali pa kukaa.

Nikawaeleza kuhusu Rispa, mathe na Jumapili. Hodan akacheka kwanza, halafu akaona sicheki. "Shida ni eedo," akasema. "Jumamosi haachilii mtu."

Eedo alikuwa nyuma, amekaa juu ya robota, anakunywa chai ya maziwa. Nikamsalimia Kisomali, nikamuulizia watu wa nyumbani wote, mmoja mmoja, vile inatakiwa, halafu nikaomba Hodan hadi jioni. Nilijikwaa mara kadhaa. Hakunisaidia hata mara moja. Nilipomaliza akaweka kikombe chini.

"Kisomali yako inachechemea," akasema kwa Kiswahili, "lakini imefika. Hiyo lugha yenu ingine mimi naona ni wazimu."

"Ni sawa, eedo."

"Wazimu ya kuuza nguo. Aende. Kanisani haingii, na kabla Magharibi awe hapa."

Njiani tukirudi, nilimeza kiburi kidogo nikamwambia Hodan anipe hayo maneno ya nguo. Alinipa mengi. Kukunja, kuanika, leso, shuka, dera ya kung'aa, dera ya kufifia. Mengine nilimwambia ni mabaya, hayana ladha, akasema nitazoea. Tulibishana kutoka Bahati mpaka Mbotela, kwa Kinolo, na wale wa pikipiki walitusikia tukipita. Yule wa gambuti alisogeza tu ndoo.

Makongeni tulifika jua bado liko. Rispa alikuwa ameshafika, habari haimpiti. Mathe alimkaribisha Hodan vizuri, akampa chai na mkate, akamuulizia wazazi. Halafu akasimama.

"Sasa. Msichana, toka nje kidogo na Dada Rispa. Nafula, wewe baki."

Mathe si mtu wa kuchezewa. Alijua tungeweza kupanga kitu. Hodan alipotoka, mathe akaninong'oneza: nimwambie Hodan kwa Kinolo aende kwa kamba ya nyuma, atoe leso ya kijani, aikunje, ampe Rispa. "Na mikono yako weka nyuma. Macho angalia mimi."

Wakaitwa, Rispa akarudi kwa kiti, Hodan akasimama mlangoni. Nikafungua mdomo. Leso nilikuwa nayo, kukunja nilikuwa nayo, nimeyapata siku hiyo hiyo kwa mtu nilitaka kumtusi. Lakini kijani hatukuwa tumefika. Nikasema, leso ya rangi ya mboga ya sukuma.

Hodan akasimama kidogo, akatoka. Kwa kamba kulikuwa na leso tatu. Tulisikia vibanio vikianguka. Akarudi na ile ya kijani, ameikunja vizuri kama ya dukani, akamwekea Rispa kwa mapaja.

Rispa aliangalia leso kama itamuuma. Halafu akapata nguvu. "Na Mungu? Kwa hiyo lugha yenu Mungu anaitwaje?"

Hodan akaniangalia. Nikasema ukweli. "Hatujafika hapo."

"Mnasikia? Lugha haina Mungu."

"Iko na mwaka mmoja na nusu, Dada Rispa," nikasema. "Wewe ukiwa na mwaka na nusu ulikuwa unajua nini?"

"Nafula." Hiyo ilikuwa mathe. Akachukua leso yake kutoka kwa Rispa, akajifunga. "Hiyo neno mkifika," akatuambia sisi wawili, "msiamue peke yenu. Mje mniite."

Hodan akasema, "Na mimi nitamwita eedo."

"Mwite. Tutakaa."

Jumapili nilienda kanisa kama kawaida, nikakaa nyuma. Sikuwa najua mathe atafanya nini, na kwangu kazi ilikuwa imeisha. Nilikuwa nimejifunza yangu: kitu ukikiunda na kisitoke kwa nyumba, kitakufia mkononi, na kikitoka, kitarudi na tabia za watu wengine, na hiyo ni sawa, hata kama inauma. Nilienda kutafuta mtu wa kunihakikishia, nikapata watu wananirekebisha.

Mchungaji akatangaza wakati wa shuhuda, akaangalia upande yangu, kanisa yote ikageuka. Mathe ndiye alisimama. Leso ya kijani kiunoni.

"Msichana wangu hajashukiwa na kitu," akasema. "Si kizuri, si kibaya. Amekaa akafikiria lugha, na ameniletea mtu anaielewa, nimejionea na macho. Niliwaambia mapema ni kipawa, kosa hilo ni langu, nisameheni. Lakini hakuna mtu atamwekea mkono kwa kichwa. Mwenye anataka kukemea, mimi niko hapa. Nimesimama."

Na akaendelea kusimama, mpaka mchungaji akaanzisha wimbo.