Nyumba Zisizo na Mwenyewe

Nilihamishiwa Kigoma kutoka Singida nikiwa afisa mazingira kijana, mwenye kalamu tatu mfukoni na imani kubwa mno katika fomu. Kwetu maji tuliyapima kwa ndoo. Kwamba maji yanaweza kumtoa mtu nyumbani kwake, hilo sikuwahi kuliwaza.

Ilikuwa ile miaka ambayo Warundi walikuwa kambini tena, malori ya misaada yakipita mjini kila wiki, na Ziwa Tanganyika likipanda. Nilipanga chumba Rusimbi, lakini dagaa nilinunua Ujiji kwa bibi mmoja mjane. Wazazi wake walivuka kutoka Kongo kabla hajazaliwa. Yeye mwenyewe alizaliwa palepale, akaolewa palepale, akamzika mumewe palepale. Nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka majini. Aliniita mtu wa nchi kavu na kunicheka kwa jinsi nilivyochagua dagaa mmojammoja, kana kwamba nanunua vito.

Ziwa halikuja kwa kishindo. Lilianza na vichanja vya kuanikia dagaa, likafuata choo, kisha jiko. Bibi alihamisha mafiga hadi barazani akaendelea kupika. Siku moja nilimkuta amekaa juu ya kitanda, maji yamefunika sakafu, anakunja nguo zake taratibu. Nilimsaidia kubeba godoro hadi kwa binti yake, mtaa wa juu. Hakulia. Mimi ndiye niliyetaka kulia, nikajifanya nina haraka ya kazini.

Miezi michache baadaye ikafika barua kutoka juu. Kulikuwa na mkutano wa mataifa unakuja, ng'ambo, kuhusu mabadiliko ya tabianchi. Nchi zilizochoma makaa na mafuta kwa vizazi zingeambiwa zilipie hasara ya wengine, na wajumbe wetu walihitaji ushahidi: nani amepoteza nyumba, wapi, lini. Pamoja na barua alikuja mtu wa kampuni moja, ana fulana za kugawa zenye picha ya mti. Alisema kampuni yake itawajengea nyumba wote watakaokuwa kwenye orodha yetu. Nilimtilia shaka kidogo, maana fulana zilikuwa nyingi kuliko maelezo. Hata hivyo nilifurahi kweli. Kwa mara ya kwanza karatasi yangu ingemwezekea mtu bati.

Nilianza na bibi. Fomu iliuliza jina, mahali alipozaliwa, mahali walipozaliwa wazazi wake, kisha dole gumba. Nilimsomea yote kwa sauti, nikijisikia mtu wa maana. Alisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono kwenye kanga.

"Ile nyumba si yangu, baba," alisema. "Ni ya shemeji yangu. Yuko Kongo."

Nilidhani anatania. Nilimkumbusha godoro. Akasema godoro ndilo lilikuwa lake.

Jirani yake naye, nyumba ilikuwa ya mjomba, yuko Kongo. Wa tatu alikuwa mlinzi tu. Nilizunguka ufuko ule siku mbili, na kila nyumba iliyozama ilikuwa na mwenyewe ng'ambo ya ziwa. Hasira zilinipanda. Nikawaza: watu hawa wanaletewa riziki mlangoni wanaifungia mlango. Nikaandika kama nilivyoambiwa, kwa mwandiko mzuri, kwamba eneo lile hakuna mkazi aliyethibitika kupoteza makazi yake mwenyewe. Nikasaini, nikagonga muhuri, nikaituma.

Mkutano ulifanyika. Niliusikiliza redioni, serikali na serikali, kampuni na serikali, zikivutana juu ya neno moja la mkataba siku nzima. Kampuni ya fulana ilijenga kwingine, kijiji ambacho watu wake walijiandikisha bila wasiwasi. Ujiji hawakufika.

Nilimkuta bibi nyumbani kwa binti yake akiuza dagaa, akilala na wajukuu wanne chumba kimoja. Nikamwamkia, kisha nikamwambia kwa ukali zaidi kuliko nilivyokusudia kwamba angekuwa sasa na nyumba yake. Alinivutia kigoda.

Akanisimulia habari za dada yake. Zamani, wimbi kubwa la wakimbizi lilipoingia kwa maboti, alikuja ofisa na daftari kuandika wanaohitaji mablanketi. Dada alikuwa na mtoto mchanga, na mvua ilikuwa haikatiki. Akaandikisha jina, akasema ukweli kwamba wazazi wake walitoka Kongo. Blanketi alipata. Baada ya wiki mbili lori likaja na daftari lilelile, majina yakasomwa, likampeleka kambini yeye aliyezaliwa Ujiji. Alifia huko, akingoja mtu aje kusahihisha.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nilikuwa nimempelekea mzigo mzima wa unyasi nikimtaka ashukuru. Niliona aibu, nikamwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba orodha yangu ilikuwa ya tabianchi tu, haikuwa na uhusiano na mambo ya uraia, na kwamba mimi nisingefanya vile.

"Aliyeandika alikuwa mpole kama wewe," alisema. "Alimbeba mtoto wakati dada anaweka dole. Wakubwa wako wangekuomba ile karatasi, ungewanyima?"

Nilimfikiria mkuu wangu wa idara, mshahara, uhamisho.

Bibi hakunisukuma. Alinifungia dagaa kwenye gazeti, akaongeza gao la kiganja bure kama kawaida yake, akaniambia niwaanike tena juani kabla ya kupika.

Niliondoka Kigoma miaka mingi iliyopita. Mikutano bado inaitwa, na kila nikisikia wakubwa wakisema takwimu zinaonyesha, nakumbuka kwamba mahali fulani kwenye faili ipo karatasi yenye saini yangu, inayosema kwamba ziwa lilipanda Ujiji na hakuna aliyepoteza nyumba.